Jumamosi Ambayo Ziwa Lilikataa Kufa

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nisimulie, kwa sababu hata mke wangu, ambaye nusura nimkose kwa ajili ya jambo hili, hucheka mpaka ashike ukuta kila likitajwa, na mimi nimeshazoea. Nimewahi kufanya mambo ya aibu maishani (kuna siku nilimwamkia sanamu ya duka la nguo pale mjini, tena kwa heshima, nikangoja aitikie), lakini aibu ya kuutangazia mji mzima wa Kisumu kwamba ziwa litakufa Jumamosi, kwa kipaza sauti, nimevaa tai, hiyo haina ndugu wala jirani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi kijana, bachela wa chumba kimoja Migosi, nimeajiriwa kwenye mradi wa kupima maji ya ziwa. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Wesonga, mtu wa kutoka upande wa Bungoma, mpole, mwenye miwani mizito, na alichokipenda kuliko chakula ni kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja tu, na ilikaa chumba chake peke yake chenye mashine ya kupoza hewa, huku sisi binadamu tukitoka jasho chumba cha pili. Ukiingia huko unavua viatu. Ikimaliza kazi inafunikwa kitambaa cha kufumwa, kile kile ambacho mama zetu hufunikia redio.

Ndani ya kompyuta ile tulikuwa na ziwa. Si ziwa lote, ni hii ghuba yetu, imekatwakatwa vipande kama ramani ya ploti, na kila kipande kina namba zake: joto la maji, hewa iliyomo, mbolea iliyosombwa na mito kutoka mashambani, uchafu wa mji. Unaipa namba za wiki hii, inahesabu kutwa nzima huku taa yake ndogo ikipepesa, kisha inakuambia maji yatakuwaje wiki ijayo. Daktari aliiita modeli. Sisi wengine tuliiita ajuoga, yaani mganga, kwa sababu ilikaa gizani, ilipewa vitu vidogo vidogo, na ilitoa utabiri ambao hakuna aliyeweza kubisha. Shida ni kwamba ajuoga wetu hakuwa na habari. Kila wiki ilikuwa ile ile: maji yatakuwa kama yalivyo. Daktari alikuwa akisoma karatasi zake na kushusha pumzi, maana wafadhili walikuwa karibu kuja, na huwezi kumwonyesha mfadhili aliyepanda ndege karatasi inayosema maji yatakuwa kama yalivyo.

Sasa niachieni ajuoga pale kidogo, niwaeleze habari ya Awuor. Awuor alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Mamboleo kwa shangazi yake, na nilimpenda kiasi cha kutembea kutoka Migosi hadi huko nikiwa na nauli mfukoni, ili tu nipate muda wa kupanga maneno. Tulikuwa tumeshakubaliana wawili. Aliyebaki ni mama yake, ambaye alikuwa akiuza samaki wa kukaanga soko la Katito, mwanamke wa maneno machache na sauti isiyohitaji kupandishwa. Kwetu, kabla ng'ombe hajatajwa, kabla mzee yeyote hajafungua kinywa, mama wa binti huendewa kwanza aseme neno moja: ayie. Maana yake ni nimekubali. Asipolisema, hata ukija na zizi zima unarudi nalo. Wazee wangu walikuwa wamepangiwa siku ya kwenda Katito kulisikia neno hilo, na mimi nilikuwa nahesabu siku.

Kama dalili njema, mama huyo alinitumia maziwa mala, yale ya kuganda, kupitia kwa Awuor. Yalikuja kwenye chupa kubwa ya kioo yenye shingo pana, imezibwa kwa gunzi la mahindi, na shingoni imefungwa kitambaa chekundu ili isipotee kati ya chupa za wanawake wengine. Niliyanywa kwa ugali, nikayanywa bila ugali, nikalamba na gunzi (msinitazame hivyo, bachela ni mtu mwenye njaa). Kisha likabaki suala la chupa. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo analijua hata mtoto, na chombo cha mama mkwe ndiyo kabisa. Nikaamua nitakirudisha na sukari. Ila kwanza kioshwe, na asubuhi hiyo maji yalikuwa yamekatika Migosi nzima. Ndiyo, nyumbani kwa mtu wa mradi wa maji hakukuwa na maji. Nikachukua yale yaliyosalia kwenye birika, nikatia ndani ya chupa, nikatikisa, nikamwaga, nikanusa, na pua yangu ya kibachela ikasema iko sawa. Nikaitia kwenye mkoba nipitie dukani jioni.

Siku hiyo hiyo tulikuwa na zamu ya kutoka na mashua kuchota maji ya kupima. Mwendesha mashua wetu alikuwa Mzee Obura, ambaye aliogopa vitu viwili, mke wake na upepo wa mchana. Tulizunguka vizuri, kila mahali nachota, naziba, naandika. Tulipofika kituo cha mwisho, katikati kabisa ya ghuba, nikafungua sanduku na kukuta chupa iliyobaki imepasuka tako.

"Oluoch," Mzee Obura akasema, macho yake yako kwenye maji kule mbali, "upepo iko njiani. Kama hauna chupa, chota na kofia twende."

"Ngoja kidogo, Mzee."

"Mimi nangoja. Upepo ndio haingoji."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mkono wangu ulipoingia kwenye mkoba. Chupa si chupa? Imeoshwa, ina kizibo, inashika maji. Nikaizamisha, ikabubujika, nikaziba kwa gunzi, tukarudi, na nilijiona kijana mwenye akili sana kwa kutokosa kituo muhimu kuliko vyote.

Sasa, kuna kipimo kimoja ambacho maji huwekwa gizani siku kadhaa ili kuona vijidudu vilivyomo vinakula hewa kiasi gani. Maji safi hula kidogo. Maji machafu hula nyingi. Maji ya kituo kile cha katikati, nilipoyatoa kabatini, yalikuwa yamekula hewa yote na nadhani yalikuwa yanatafuta ya chumbani. Yaliyobaki kwenye chupa yalikuwa yamegeuka rangi, yamekuwa kama maji ya mchele. Nikapima tena, jibu likawa lile lile (bila shaka, chupa si ile ile?). Katika kichwa changu chote, chenye cheti na kila kitu, chupa ile ilikuwa imeshaacha kuwa chupa ya maziwa. Ilikuwa sampuli. Nikaingia kwa ajuoga bila viatu, nikaibonyezea namba zangu.

Ile printa yetu ilikuwa ya karatasi ndefu yenye matundu pembeni, na ilikuwa na kelele ya mtu anayesaga meno. Kipande cha ziwa chenye hewa kilichapwa kwa nukta. Kipande kisicho na hewa, yaani ambacho samaki wake wamekufa, kilichapwa kwa nyota. Hatukuwahi kuona nyota. Siku hiyo karatasi ilianza na nyota moja katikati, ukurasa uliofuata nyota zimezaana, na ilipofika Jumamosi ghuba nzima ilikuwa nyota tupu kutoka ukingo hadi ukingo, inapendeza kama karatasi ya kufungia zawadi za Krismasi.

Daktari Wesonga alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Bwana Oluoch. Umerudia vipimo?"

"Nimerudia, Daktari. Ni vile vile."

"Na maji ni ya katikati? Si ya pale watu huosha magari?"

"Katikati kabisa. Mzee Obura shahidi."

Nikamwona anajizuia. Kwamba ana huzuni, ana, lakini chini ya ile huzuni kulikuwa na mtu ambaye mganga wake hatimaye amesema neno. Siwezi kumlaumu, maana na mimi nilijisikia hivyo hivyo. Siku hiyo nilitembea mjini kwa mwendo wa mtu anayejua jambo.

Kuanzia hapo mambo hayakuwa tena mikononi mwetu. Wakubwa waliitwa, wakubwa wakaita wakubwa wao, gari la vipaza sauti likatafutwa, na ikasemwa kwamba atakayetangaza awe mtu anayeongea Kiswahili na Dholuo, tena kijana, tena nadhifu. Nikaazima tai. Nikazungushwa mjini, Kondele, Migosi kwangu mwenyewe, mpaka Mamboleo ambako nilipunguza kasi ya maneno nikijua dirisha la shangazi yake Awuor liko wapi. Nikawaambia watu wasivue, wasile samaki, wasichote maji, kwamba Jumamosi ikifika saa sita mchana ziwa litakuwa limeishiwa hewa. Mzee mmoja pale stendi akauliza nimejuaje, kwani nimeota. Ndipo nikasema yale maneno ambayo nimeandamana nayo hadi leo. Nikasema, "Mzee, kompyuta haina kabila, haina njaa, haina shangazi. Itadanganya kwa ajili ya nani?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kidogo, unajua, kwa unyenyekevu.

Habari ilifika Katito kabla ya gari letu kurudi gereji. Hakuna aliyenunua samaki tena. Mbuta wakalala kwenye mabeseni, ngege wakakaushwa mara ya pili, omena hata kuku walipewa wakatazama kando. Kila nyumba ikageuka ya maharagwe. Na Alhamisi jioni Awuor alisimama mlangoni kwangu, hakuingia, hakukaa.

"Mama amerudi na beseni lote. Tangu asubuhi hakuuza hata kichwa."

"Awuor, ni afadhali hasara kuliko watu wafe."

"Mimi sijasema watu wafe. Nasema wewe umechagua wiki ya kuomba ayie kwa mwanamke anayekula kwa hilo ziwa, ndio ukaenda kumtangazia na loudspika kwamba ziwa imekufa."

"Si mimi niliyesema. Ni kompyuta."

"Na Jumamosi ikikosa kufa?"

"Haiwezi kukosa. Kompyuta imesema."

"Basi oa kompyuta," akasema, akaenda zake.

Nawaambieni ukweli, usingizi ulinikataa, na si kwa sababu ya samaki. Niligundua kwamba nilikuwa naomba Mungu ziwa life. Mimi, niliyezaliwa kando yake, niliyeogelea humo uchi, nimepiga magoti Migosi nikiomba Mungu anisaidie liishiwe hewa ili nisiaibike. Niliposikia maneno yangu mwenyewe nikanyanyuka nikaketi kitandani, nikaona haya hata mbele ya mbu.

Jumamosi ikafika, na ufuo ulijaa kama siku ya mashindano ya mashua. Wauza karanga walikuja. Mpiga picha alikuja na kamera yake ya miguu mitatu. Kanisa moja lilikuja na ngoma likaomba upande wa kushoto, kanisa jingine likaona haliwezi kuachwa nyuma likaomba upande wa kulia. Wakubwa walikalia viti vya plastiki. Daktari alikuwa ameweka meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake kuna zile karatasi za nyota na, kwa kuwa alitaka watu waone ushahidi kwa macho yao, chupa ya sampuli. Ile ile. Ina gunzi lake na kitambaa chake chekundu, na ndani maji meupe meupe ambayo akina mama walikuwa wakiyapitia na kujiziba midomo.

Saa sita ikafika. Ziwa likatulia. Saa sita ikapita. Ziwa likaendelea kutulia, linametameta, ndege mweusi akazamia akatoka na samaki mdomoni, anapapatika, na samaki huyo alikuwa mzima kuliko mimi. Makanisa yakapunguza sauti. Kisha mashua moja ikaingia, ya kijana aliyekaidi tangazo langu, akashuka amekumbatia mbuta mkubwa kama mtoto wa shule, akaja naye moja kwa moja hadi mezani.

"Daktari," akasema kwa adabu, "samahani. Huyu tuseme amekufa?"

Yule mbuta akapiga mkia mmoja, karatasi za nyota zikaruka, miwani ya Daktari ikalowa. Watu wakaanza kuguna, na kuguna kwa watu wengi namna ile hakuna utamu. Daktari, jasho linamtoka, akaninong'oneza, "Waonyeshe maji, Oluoch. Eleza maji." Nami nikainyanyua chupa juu kabisa ya kichwa, kwa mikono miwili, vile padri hunyanyua kikombe, ili hata walio nyuma waone.

Walio nyuma wakaona. Kati ya walio nyuma walikuwa wanawake wauza samaki wa Katito, waliokuja kuona kazi yao ikifa, na mbele yao alisimama mama yake Awuor.

Lazima mwelewe kwamba kwetu mama mkwe na mkwe hawasemezani ovyo. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta sababu ya kutazama kichaka. Hata katika siku ya hasira ile mama huyo hakuvunja heshima. Aligeuka ubavu, akatazama ziwa, akamsemesha jirani yake wa sokoni aitwaye Mama Rispa, ambaye alikuwa ameshajipenyeza mbele mpaka akawa karibu nami kuliko tai yangu.

"Mama Rispa, niulizie huyo kijana hiyo chupa ametoa wapi."

"Unaulizwa chupa umetoa wapi," Mama Rispa akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie Mama ni ya maabara."

"Anasema ni ya maabara."

"Muulize kama hiyo maabara yao inafungwa na kitambaa ya kanzu yangu ya kanisa."

Mama Rispa akainua macho akatazama chupa, akatazama kitambaa, na nikaona uso wake unaanza kufanya kazi ngumu ya kutocheka. Mimi, mikono bado iko juu, ndipo nilipokumbuka. Yote yalinijia pamoja, birika, Migosi, gunzi, pua yangu, na nikatamani mbuta yule anifungulie mdomo niingie.

"Muulize," sauti ikaendelea, ya taratibu, na ufuo wote unasikiliza, "akimaliza kunywa mala yangu aliosha hiyo chupa na nini."

"Mala?" akasema Daktari Wesonga. "Mala gani?"

Akaichukua chupa kutoka mikononi mwangu. Akang'oa gunzi. Akanusa. Alinusa kwa muda mrefu, mtu msomi, mwenye vyeti kutoka ng'ambo, pua ndani ya chupa ya mama mkwe wangu, mbele ya wakubwa waliokalia viti vya plastiki.

"Bwana Oluoch," akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko kofi, "haya ni maziwa. Tumeiambia modeli kwamba ghuba yote imejaa maziwa yaliyoganda."

Kisha yule mzee wa stendi, yule yule, akatokea sijui wapi, akasema polepole ili asikosewe, "Kompyuta haina shangazi. Kumbe ina mama mkwe."

Sitaki kuwaeleza kicheko kile. Makanisa yote mawili yalicheka pamoja, jambo ambalo halijatokea tena. Mpiga picha alipiga picha, na najua nyumba ambazo picha ile iko ukutani. Mmoja tu hakucheka. Mama yake Awuor alijifunga leso vizuri, akamwambia Mama Rispa, "Na mwambie hata chupa yenyewe hajarudisha," akaondoka, na Awuor akamfuata bila kunitazama, na hapo ndipo mimi niliyekuwa natamani kucheka na wengine nikainama kuokota karatasi za nyota.

Daktari hakunifukuza. Aliirudishia modeli namba za maji yaliyochotwa upya, mashine ikasaga meno yake, ikatoa nukta tupu: maji yatakuwa kama yalivyo. Kisha akanihamisha kutoka kwa ajuoga hadi kwenye sinki, nioshe chupa za maabara mpaka atakaponiambia. Aliongeza kwamba wakati wote ule modeli haikukosea hata kidogo, ziwa likijazwa mala kweli lingekufa Jumamosi. Nadhani alikuwa akijifariji.

Lakini ubaya wa habari ni kwamba kifo kina gari la vipaza sauti na uzima hauna. Waliocheka ufukweni walikuwa wachache kuliko waliosikia tangazo, na huko ndani, upande wa Katito, Nyakach yote, watu waliendelea na maharagwe yao. Samaki hawakununuliwa. Safari ya wazee wangu ikaahirishwa, bila kutajwa siku nyingine. Nikakonda. Nikatuma salamu, zikarudi. Mwishowe Awuor akaja na ujumbe wa mama yake.

"Anasema siku ya soko uende Katito. Ukae mbele ya meza yake, ule samaki yake, watu wote waone."

"Awuor, mkwe hali mbele ya mama mkwe. Wazee wangu wakisikia watanizika mzima."

"Nilimwambia hivyo."

"Akasemaje?"

"Akasema atageuka." Halafu midomo yake ikacheza kidogo, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. "Na anasema uvae ile tai, ndio watu wakujue."

Basi nikaenda. Nilikalishwa kwenye kigoda katikati ya soko la Katito, tai shingoni, sahani ya ugali na ngege mzima magotini, na nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, mama mkwe wangu mtarajiwa amekaa akiuza kwa kunipa kisogo. Mama Rispa alisimama kati yetu kama refarii. Watu walikusanyika. Mtu akasema, "Huyu si ndio kompyuta?" wakasogea zaidi. Nikaanza kula.

"Amefika wapi?" sauti ikauliza nyuma yangu.

"Iko kwa mgongo," akajibu Mama Rispa.

"Asiache kichwa."

Sikuacha kichwa. Nilipomaliza, kabla sijanawa, akaletwa ngege wa pili, kwa sababu waliochelewa nao wanataka kuona. Na huyo wa pili, katikati ya kichwa, mfupa ukasimama kooni mwangu. Fikirieni hali yangu. Nikikohoa, nusu ya Nyakach itasema samaki wameniua, biashara imekwisha na mke nimemkosa. Nisipokohoa, nakufa kweli, na mambo yatakuwa yale yale. Nikafinyanga tonge la ugali kubwa kama ngumi, nikalisukuma bila kutafuna, macho yakanitoka, machozi yakateremka hadi kwenye tai.

"Analia," Mama Rispa akatangaza.

Waliokuwa wakichagua samaki wakarudisha mikono.

"Analia nini?"

Mfupa ukashuka. Nikavuta pumzi, na kwa sauti niliyobakiwa nayo nikasema, "Mwambie Mama ni utamu."

Mtu mmoja akacheka, mwanamke mmoja akasema basi nifungie wawili, mwingine akasema mimi huyo mkubwa, na nikasikia nyuma yangu magazeti yakianza kuchanwa ya kufungia samaki. Nilikaa pale mpaka beseni likaonekana tako. Kisha nikatoa kwenye mkoba chupa ile. Nilikuwa nimeiosha maabara kwa maji moto, kwa sabuni, kwa brashi, nikaipima kama tunavyopima vyombo vyetu, nikaipima tena, nikaijaza sukari, nikafunga kitambaa chake chekundu nilichokipiga pasi. Nikampa Mama Rispa, naye akaipitisha.

Sikugeuka. Nilisikia gunzi likitoka. Nilisikia akinusa, pumzi moja, ya kutosha. Nikangoja, na katika maisha yangu sijawahi kungoja jibu la mashine yoyote namna ile.

"Ayie," akasema, kwa sauti ya kawaida, na akaendelea kumrudishia mtu chenji yake.

Mpaka leo nikiletewa maziwa nayahamishia kwenye sufuria hapo hapo na chupa inarudi siku hiyo hiyo, haioni giza ndani ya nyumba yangu. Na niliapa sitatabiri tena kitu chochote mbele ya watu, ila kiapo hicho kina shida, kwa sababu nikisahau, tuseme tumekaa na wakwe zangu Katito, nami nikatazama mawingu nikasema labda mvua itanyesha, husikika sauti ya bibi mzee kutoka jikoni, mwenyewe haonekani, ikimwambia yeyote aliye karibu, "Muulizeni kwanza kama ameosha chupa."